"Karibu" ya robo saa: profaili zinazohama na mzigo zinaoubeba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa tehama katika ofisi moja hapa Tanga mjini. Tuna kompyuta 38 na seva moja ya Windows. Wafanyakazi wetu hawana meza maalumu, kwa hiyo aliyenitangulia aliweka profaili zinazohama, ili mtu akikaa popote akute deskitopu yake na faili zake. Shida ni asubuhi. Mtu anaweka neno la siri saa 2 kamili, kioo kinabaki kimeandika "Karibu" mpaka saa 2 na robo. Wengine wanawasha, wanakwenda kunywa chai, wakirudi bado kinazunguka. Jioni kutoka nako ni hivyohivyo, wengi wanabonyeza kitufe cha umeme na kwenda zao. Nimepima profaili moja nikakuta gigabaiti 6. Nimeona pia kuna sera, yaani mpangilio unaotumwa na seva kwa kompyuta zote, inayofuta nakala ya profaili kwenye kompyuta kila mtu anapotoka. Niliambiwa iliwekwa ili diski zisijae. Mkubwa wangu anataka tununue seva mpya. Itasaidia?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Seva mpya haitasaidia, si kwa sasa. Sababu umeshaiandika mwenyewe kuelekea mwisho wa swali lako: gigabaiti 6, na ile sera ya kufuta. Kila moja peke yake ni kero inayovumilika. Zikikutana, ndiyo hiyo robo saa yako.

Watu wengi wanadhani profaili inayohama inakaa kwenye seva na mtu anaitumia ikiwa hukohuko. Sivyo. Inasafiri. Mtu akiingia, Windows inaichukua profaili yake kwenye seva na kuinakili kwenye diski ya kompyuta aliyokaa. Kutwa nzima anafanyia kazi ile nakala. Akitoka, mabadiliko yanarudishwa seva. Sasa, kama kompyuta ile ina nakala yake ya jana, Windows inalinganisha tarehe za faili na kuleta zile tu zilizobadilika. Kwa hiyo mtu anayerudi kwenye meza aliyokaa juzi huleta kidogo. Sera ya kufuta inaua faida hiyo. Kila asubuhi kila mfanyakazi ni mgeni, hata kwenye kompyuta aliyoitumia jana yake, na mzigo wote unashuka upya. Tanga tuna ule usemi wa waja leo waondoka leo. Aliyekutangulia aliugeuza kuwa sheria ya profaili.

Tupige hesabu. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ukitoa kinacholiwa njiani, unapitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde. Gigabaiti 6 kwa mwendo huo ni dakika 9, na hapo mtu yuko peke yake barabarani. Watu 38 wakiingia pamoja, wote wenye mzigo kama huo, ni gigabaiti 228. Kama njia ya kuingia kwenye seva nayo ni ya megabiti 100, hiyo ni karibu saa sita. Ni wazi hamfiki huko, maana wengine mizigo yao ni midogo na wengine wanachelewa kazini. Ila chukua hata njia ya gigabiti 1, inayopitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde: bado ni zaidi ya nusu saa ya seva kumwaga data bila kupumua. Seva ya bei yoyote utakayoiweka pale itakuta waya uleule.

Kabla hujagusa kitu, fanya jaribio moja ambalo mimi sianzi kazi bila hilo. Fungua mtumiaji mpya kwenye Active Directory, ile orodha ya watumiaji inayotunzwa na seva, mpe njia ya profaili kama ya wenzake, mtie kwenye makundi yaleyale apate sera zilezile. Mwingize mara moja na umtoe, ili profaili yake izaliwe. Kesho yake saa 2 asubuhi, watu wanapoingia, mwingize kwenye kompyuta ya kawaida huku umeshika saa. Huyu namwita mtumiaji mtupu, kwa sababu hana faili hata moja. Rudia saa 9 alasiri, mtandao ukiwa umetulia. Akiingia kwa nusu dakika alasiri lakini asubuhi akakwama, yeye hana kosa, amefungwa kwenye foleni ya mizigo ya wenzake. Akiingia haraka nyakati zote mbili huku jirani yake anasubiri, basi kila mtu anaumizwa na mzigo wake mwenyewe. Akikwama hata alasiri, mtandao ukiwa mweupe, hapo shida si profaili kabisa: ruka hadi ninapozungumzia DNS, ile huduma inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani, na printa.

Ukitaka namba badala ya saa ya mkononi, Windows inaziandika. Kwenye daftari la matukio la kompyuta husika, katika sehemu iitwayo User Profile Service, tukio namba 1 linaandikwa taarifa ya mtu kuingia inapopokelewa na namba 2 kazi inapokwisha. Tofauti ya saa zao ndiyo muda ulioliwa na profaili. Sehemu ya GroupPolicy ina namba 4001 na 8001 kwa ajili ya sera. Chukua kompyuta tano, siku tatu, andika kwenye karatasi. Karatasi hiyo utaihitaji mbele ya mkubwa wako.

Sasa tufungue huo mzigo. Sijui ulipima profaili ya nani. Nahisi ni ya kwako mwenyewe, kwa sababu kwa kawaida folda ya profaili kwenye seva humruhusu mwenyewe tu, hata msimamizi anagonga ukuta. Usije ukajitwalia umiliki wa folda za watu ili uzipime. Windows hukagua mwenye folda ni nani, ikikuta si mtumiaji mwenyewe inaweza kukataa kabisa kupakia profaili ile, na utakuwa umejitengenezea tatizo la pili. Pima kwenye folda ya Users ya kompyuta, mtu akiwa ameingia, kwa programu kama WizTree au TreeSize. Na tazama vitu viwili, ukubwa na idadi ya faili.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa ofisi moja isiyo mbali na bandari, malalamiko ni haya haya. Nikakuta mama mmoja wa uhasibu ana video ya harusi ya mdogo wake kwenye deskitopu, gigabaiti 9. Si mkorofi, tena alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote: aliiweka pale kwa sababu aliambiwa vilivyoko deskitopu vinahifadhiwa seva. Ni kweli vilihifadhiwa. Ila kila alipokaa meza mpya, bi harusi, bwana harusi, ngoma na wapishi walishuka wote kutoka chumba cha seva hadi ghorofa ya pili kabla yeye hajaweza kufungua kitabu cha hesabu. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba deskitopu ni sehemu ya profaili. Waeleze wako, ila usitegemee maelezo peke yake; watu husahau, na hawana sababu ya kuyakumbuka mambo yetu.

Ukubwa ni upande mmoja. Idadi ya faili ni upande ambao mafundi wengi wanausahau. Wewe uko Tanga, utanielewa nikikuambia mkonge. Robota moja la mkonge makuli wanalipakia kwa dakika. Mpe mtu singa zilezile zikiwa hazijafungwa, azipeleke melini mojamoja, atalala bandarini. Mtandao uko hivyo. Kwa kila faili, hata iwe ndogo kama ukucha, kompyuta na seva zinazungumza: fungua, nionyeshe tarehe yake, soma, funga. Tuseme mazungumzo hayo yanachukua milisekunde 10 tu. Profaili yenye faili 25,000 itakula zaidi ya dakika 4 kwa mazungumzo peke yake, waya uwe na upana wowote. Na sehemu ya mazungumzo hayo hufanyika hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu lazima orodha mbili zilinganishwe.

Singa hizo zinajificha katika AppData\Roaming, folda iliyo ndani ya profaili. Folda mbili jirani zake, Local na LocalLow, Windows haizihamishi kwa kawaida, kwa hiyo usizihangaikie katika hili. Roaming ndiyo inahama, na waandishi wa programu wengi wanaitumia kama stoo. Telegram ya kompyuta hujisakinisha humo, programu yenyewe pamoja na lundo lake la picha na video. Zoom pia hujiweka humo. Teams ya zamani ilirundika akiba yake humo, na mabaki yake bado yapo kwenye profaili nyingi hata baada ya watu kuhamia toleo jipya. Firefox huweka humo profaili yake yote isipokuwa akiba ya kurasa. Chrome ni kinyume, iko kwenye Local, ndiyo maana watu wanalalamika kwamba alamisho zao haziwafuati. Hilo ni swali la siku nyingine.

Kwa hiyo kazi yako ni kutenganisha kinacholazimika kumfuata mtu na kisicholazimika. Njia ni mbili, na zote zinahitajika.

Ya kwanza ni kuelekeza folda. Badala ya Nyaraka, Deskitopu, Picha na Vipakuliwa kusafiri na profaili, unaziambia zikae moja kwa moja kwenye seva. Mtu akiingia, kinachokuja ni kibao tu kinachoonyesha njia. Faili inavutwa pale anapoifungua, hiyo moja peke yake. Hii ndiyo hatua itakayokurudishia dakika nyingi kuliko zote. Harusi ya yule mama ilihamia huko na haikusumbua mtu tena. Fanya kwa sera za kundi, upande wa mtumiaji, katika mipangilio ya Windows.

Ila kuna mashimo njiani, na nimeshatumbukia karibu yote. Tengeneza eneo la kushiriki jipya, yaani folda ya seva inayofikiwa kupitia mtandao, usitumie lilelile la profaili. Ukitumia la profaili utakuwa umezungusha mambo palepale. Katika mipangilio kuna kisanduku cha kumpa mtumiaji haki ya peke yake juu ya folda yake. Kiondoe alama, kama unataka siku moja uweze kuchukua chelezo, yaani nakala za akiba, bila kupigana na ruhusa. Halafu, mtu anapoingia mara ya kwanza baada ya sera, yaliyomo yanahamishwa yote, na siku hiyo atasubiri kuliko alivyowahi kusubiri. Ukiwasha kwa watu 38 Jumatatu asubuhi, utafute pa kujificha, hata Pangani ni karibu mno. Wafanye watano watano, Ijumaa jioni, wengine wakiwa wameshaondoka na wewe umekaa na chupa yako ya chai ya tangawizi. Waombe wabadilishe neno la siri kwa muda mbele yako, au wakae nawe. Usiwaombe wakupe yale ya kwao.

Shimo kubwa kuliko yote ni hili: ukielekeza folda, Windows za kwenye meza kwa kawaida hujipa jukumu la kutunza nakala za folda hizo ili zitumike hata seva isipopatikana. Kwa mwenye laptopu ni neema. Kwenu, ambako kila mtu anakaa kila mahali, itamaanisha kila kompyuta inaanza kunakili nyaraka za kila aliyewahi kuikalia, na tatizo ulilolitoa mlangoni linarudi kwa dirishani. Iko sera ya kuzuia folda zilizoelekezwa zisitunzwe hivyo zenyewe. Iweke kwa watumiaji wote wa kompyuta za mezani. Na kwenye lile eneo la kushiriki la profaili, zima kabisa utunzaji wa nakala za nje ya mtandao. Profaili ina utaratibu wake wa kunakili, ukiiongezea wa pili zinagombana.

Tazama pia faili za PST, yaani maghala ya barua pepe ya Outlook, hizi hukaa ndani ya Nyaraka. Ukielekeza Nyaraka, zinakwenda seva, na Outlook itakuwa inaandika kwenye faili ya gigabaiti kadhaa kupitia waya kutwa nzima. Microsoft wenyewe hawaungi mkono matumizi hayo, na faili hizo huharibika. Kama barua zenu ziko kwenye seva ya barua, PST za nini? Zimalizeni kwanza.

Njia ya pili ni orodha ya kutengwa. Kwenye sera za mtumiaji, katika sehemu ya profaili za watumiaji, ipo inayokuwezesha kutaja folda zisizohama. Unaziandika zikitenganishwa kwa nukta mkato, njia ikianzia ndani ya profaili, mfano AppData\Roaming\Telegram Desktop;AppData\Roaming\Zoom;AppData\Roaming\Microsoft\Teams. Sera hii haifagii. Yale yaliyokwisha kupanda seva yanabaki pale mpaka uyafute mwenyewe, na wengi wanaiweka, hawaoni nafuu, wanasema haifanyi kazi.

Utashawishika kuitenga Roaming yote ili ulale usingizi. Usifanye hivyo. Saini za barua za Outlook zimo humo, kamusi za maneno zimo, na katika Microsoft\Protect mna funguo ambazo Windows inazitumia kufungulia maneno ya siri na vyeti vilivyohifadhiwa. Mtu akizipoteza, ataambiwa aingize upya kila kitu na wewe utapigiwa simu. Wapo pia wanaoielekeza Roaming kwenye seva kama wanavyoelekeza Nyaraka. Nilijaribu mara moja. Kuingia kulikuwa kwepesi, kisha kila programu ikawa inaburuza miguu kutwa nzima, kwa kuwa programu huchungulia humo kila dakika. Niliirudisha baada ya wiki.

Lengo langu huwa profaili ya chini ya megabaiti 100. Piga tena hesabu ya mwanzo: watu 38 kwa megabaiti 100 ni gigabaiti 3.8. Kwenye njia ya gigabiti hiyo ni kama nusu dakika kwa ofisi nzima, na hata kwenye ile ya megabiti 100 ni dakika 6 kwa wote kwa pamoja, wakiwa wote wageni.

Ukifika hapo ndipo uizime ile sera ya kufuta, si kabla. Aliyeiweka hakuwa mjinga. Diski ndogo na profaili za gigabaiti 6 mara watu 38 ingekuwa balaa. Ila sasa hata wote wakiacha nakala zao kwenye kompyuta moja, sehemu inayohama haifiki gigabaiti 4. Kitakachoendelea kukua ni ile Local isiyohama, hasa akiba za vivinjari. Ipo sera ya kufuta, kompyuta inapowashwa upya, profaili ambazo hazijatumiwa kwa siku kadhaa unazozitaja. Weka 60 au 90 uone. Kwenye Windows 10 ina tabia ya kutofuta, kwa sababu mfumo wenyewe au antivairasi huigusa faili ya NTUSER.DAT, inayobeba mipangilio ya mtu, na tarehe inaonekana ya jana. Ukiona hivyo, fagia mwenyewe mara mbili kwa mwaka.

Kuna sera nyingine utaiona pale jirani, ya kuweka kikomo cha ukubwa wa profaili. Inavutia, lakini profaili ikivuka kikomo haipandi seva, na mtu anaweza kufanya kazi wiki nzima akidhani mipangilio yake inahifadhiwa. Siipendi.

Kile kitufe cha umeme unachosema watu wanabonyeza jioni usikichukulie kama utovu wa adabu tu. Profaili hurudi seva mtu anapotoka kwa utaratibu. Akizima kwa kukishikilia kitufe, mabadiliko ya siku ile yanabaki kwenye kompyuta aliyoiacha, kesho anakaa meza nyingine anakuta mambo ya juzi. Na kama NTUSER.DAT ilikuwa inaandikwa wakati ule, anaweza kuamkia kwenye profaili ya muda, deskitopu nyeupe, moyo unamwenda mbio. Umeme ukikatika matokeo ni hayohayo. Mimi sijawahi kufaulu kuwaambia watu waache kubonyeza kitufe wakati kutoka kunachukua dakika 10 na daladala ya mwisho ya Pongwe inaondoka. Kutoka kukiwa kwa sekunde 10, wanaacha wenyewe. Jambo jingine ni mtu kuingia kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja: mipangilio iliyomo kwenye NTUSER.DAT ni faili moja, na anayetoka wa mwisho ndiye anayemfuta wa kwanza.

Umesema kuna folda za profaili? Hukusema, ila ukifungua lile eneo utazikuta zina mikia, .V2, pengine .V5, na .V6. Mkia ni toleo la muundo. .V2 ni ya enzi za Windows 7, .V5 ni ya Windows 10 za mwanzoni, .V6 ni ya Windows 10 kuanzia toleo 1607 hadi Windows 11. Kama hamna tena mashine za zamani, hizo .V2 zipeleke kwenye diski ya akiba, zinachukua nafasi bure.

Turudi kwa yule mtumiaji mtupu aliyekwama hata alasiri. Nenda kwenye kompyuta hiyo, fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, tazama mstari wa DNS. Ukikuta 8.8.8.8, au anwani ya ruta ya kampuni ya intaneti, umeshapata mwizi. Kompyuta ya domeni, yaani ya kundi linaloongozwa na seva yenu, inaitafuta seva inayosimamia domeni kwa kuuliza DNS, na DNS ya nje haijui domeni yenu iko barabara ya ngapi Ngamiani. Itauliza, itangoja, itauliza tena, ndipo ijaribu njia nyingine. Weka anwani ya seva yenu peke yake. Usiweke ya nje hata nafasi ya pili "kwa tahadhari", kwa sababu siku ile anwani ya kwanza ikichelewa kujibu, kompyuta itageukia ya pili na kupotea. Seva ndiyo ipewe anwani ya nje ya kupelekea maswali ya intaneti. Kama ruta ndiyo inagawa anwani, izime kazi hiyo, seva igawe. Hili nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa huliangalia hata kabla sijaketi.

Baada ya DNS, tazama sera zinazounganisha printa na diski za mtandao. Printa iliyokufa miaka miwili iliyopita bado inatafutwa kila asubuhi. Washa ile sera ya kuonyesha ujumbe wa kina wakati wa kuingia. Badala ya "Karibu" tupu, kioo kitakuambia kiko hatua gani, na ukiona kimeganda kwenye printa hutahitaji fundi mwingine. Amri ya gpresult /h ripoti.html itakupa orodha ya sera zote zinazomfikia mtu.

Na waya. Hapa Tanga nawahurumia, hewa ya chumvi inakula shaba. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya, megabiti 100 inatosheka na mbili. Kichwa cha waya kikiota kutu kwenye jozi moja, swichi (kisanduku kinachounganisha waya za ofisi) na kompyuta hukubaliana kimyakimya kushuka hadi 100, taa zinawaka, kila mtu anaona mtandao upo. Niliwahi kukuta seva yenyewe, yenye tundu la gigabiti, imeshuka hivyo kwa sababu ya kichwa kimoja cha waya chenye ukijani, na ofisi nzima ilikuwa inapita pale. Kata, bana kipya. Ingia kwenye seva leo, tazama mwendo wa kadi ya mtandao. Ikiandika 100 na wewe una swichi ya gigabiti, anza na hilo kabla ya kitu kingine chochote nilichoandika. Kama swichi yenyewe ni ya 100, hapo kweli kuna kitu cha kununua.

Mkubwa wako ana hamu ya kutumia fedha, na si vyema kumvunja moyo. Mpelekee karatasi yako ya vipimo. Kwanza ni swichi ya gigabiti na vichwa vipya vya waya, bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya seva. Pili ni UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, ya seva na ya swichi, kwa sababu nyaraka zote zitakuwa zinaishi pale na umeme ukienda hakuna atakayekuwa na nakala mezani kwake. Tatu ni diski ya nje ya chelezo, tena mbili, moja ikilala nje ya jengo. Nne, kama seva yenu bado inatumia diski za kuzunguka, nunua SSD mbili za kuwekea profaili na nyaraka, ziakisiane. Watu 38 wanaosoma faili ndogondogo kwa pamoja ndiyo kazi ambayo diski ya kuzunguka inaichukia kuliko zote.

Mkija kuambiwa kuhusu FSLogix, programu ya Microsoft ya kubebea profaili, ni kitu kizuri. Badala ya kunakili faili mojamoja, huiweka profaili yote ndani ya diski pepe moja na kuiunganisha, ni robota badala ya singa. Lakini inataka leseni zinazostahili, na kompyuta inasoma robota hilo kupitia waya kutwa nzima, haivumilii mtandao unaokatikakatika. Bana vichwa vya waya kwanza.

Unapoanza, anza na watu watano wenye mizigo mikubwa, si wenye vyeo vikubwa. Mkurugenzi mwache kundi la mwisho, mashimo yote yakiwa yameshafukiwa.